Turubai la Mama Mkwe

Pikapu ilikuwa imeshaupita ua wa minyaa na kuingia barabara ya vumbi, na nyuma hakukuwa na mtu. Kulikuwa na godoro jembamba la sponji, mto wa kulalia na mwavuli, vitu ambavyo Sabina alivipakia asubuhi kule Kirumba mjini kwa ajili ya mama yake. Sasa vilikuwa vinarudi kama vilivyokuja. Kila gurudumu lilipoingia shimoni mwavuli uliruka ukapiga bati la bodi, na kila ulipopiga Sabina alifumba macho.

Nkwabi alishika usukani kimya. Bujora ikabaki nyuma na mawe yake. Walipofika Kisesa na kukanyaga lami, mkewe akashindwa kuvumilia.

"Sema basi."

"Niseme nini?"

"Chochote, baba Gladness. Umekaa kama gunia."

"Mama yako amekataa. Ulitaka nimbebe?"

"Ungemgusa tu, angekufa pale pale kwa aibu."

"Na mimi ningemfuata."

Wakacheka kidogo, kicheko cha kupoza, na gari likaipita Igoma.

Mambo yalikuwa hivi. Bi Kija, mama yake Sabina, alikuwa anapoteza macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameshalifunga la kushoto, na la kulia lilibakiza mwanga kama wa chumba chenye moshi. Mwaka ule walikuja madaktari wa macho kutoka ng'ambo, wakapiga kambi katika hospitali kubwa ya kilimani, na Sabina alikwenda mwenyewe kuuliza. Akaambiwa bila kuzungushwa: jicho la kulia bado linatibika, mlete kabla hatujafungasha, mwakani hatuahidi kitu. Kwa hiyo walikwenda kumchukua.

Bi Kija hakuogopa kisu. Alichoogopa ni kiti.

Kwa Wasukuma wa rika lake, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawatajani majina, hawakalii kiti kimoja. Wakikutana njiani, kijana anaiacha njia, anachutama pembeni na kusalimia huku akitazama majani. Asiyelelewa nayo anaweza kudhani ni chuki. Si chuki hata kidogo. Nkwabi aliisalimia nyasi ya Bujora tangu akiwa kijana wa kuposa mpaka binti yake mwenyewe alipofika sekondari, na katika miaka yote ile aliifahamu miguu ya mama mkwe wake kuliko uso. Aliijua sauti yake, alilijua kovu la jembe juu ya kidole gumba cha kulia. Uso wake hangeweza kukueleza.

Na kebini ya pikapu ina kiti kimoja, kirefu, kutoka mlango hadi mlango.

Asubuhi ile Bi Kija alikipapasa kwa kiganja, kuanzia upande wa abiria hadi kwenye usukani, akauliza, "Sabina, ndicho hiki hiki kimoja?"

"Ndicho, mama. Lakini nitakaa katikati."

Mama akaurudisha mkono kana kwamba amegusa sufuria ya moto. Wakamwonyesha nyuma, kwenye bodi, penye godoro. Akasema yeye si pamba, apakiwe wazi watu wa Kisesa wahesabu mikunjo ya kanga yake. Sabina akamwambia basi wapande basi, mkwe atangulie. Hapo ndipo mama alipokasirika kweli.

"Mkwe wangu ana gari lake, halafu mimi nikabanane na kuku kwenye basi? Watu wamwone mtu wa namna gani?"

Milango yote ikawa imefungwa, na kila mmoja ameufunga mama mwenyewe, kwa kumheshimu mkwe wake. Ndiyo maana Nkwabi hakuwa na la kusema. Angekuwa amedharauliwa angepata pa kushika.

*

Nkwabi alikuwa dereva wa lori la pamba katika kinu kimoja huko nyuma, siku ambazo pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika. Kinu kilipopunguza watu, naye akapunguzwa, na kiinua mgongo chake akakigeuza pikapu. Ilikuwa imetumika Japani, na ubavuni ilikuja na maandishi ya kwao ambayo hakuna aliyeyajua Kirumba nzima. Wengine walisema ni jina la duka la samaki. Nkwabi hakuyafuta. Aliona yanalipa gari ukoo.

Miaka ile mji ulikuwa umefunguliwa kama duka la asubuhi. Vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa wenye ndugu mjini Nairobi vilimwagwa mitaani Nyamagana juu ya maturubai: redio, viatu, sabuni za harufu, na vipuri. Tena si vipuri tu, bali mapambo. Kulikuwa na ngao za kufunga mbele ya gari, taa za ukungu kwa mji usio na ukungu, keria za juu, madigadi mekundu ya kuning'inia nyuma ya magurudumu, honi zilizolia kama tarumbeta la harusi. Mtu aliyekuwa na gari bovu aliliremba kama bibi harusi, na jioni magari hayo yaliteremka Mwaloni, kwenye soko la samaki, kuonyeshana wakati malori ya sangara yakipanda. Nkwabi naye alikuwa akipita pale kwenye vibanda, mikono nyuma, akitazama ngao moja ya mabomba mawili yanayong'aa. Siku moja Sabina alimwona.

"Ngao ya nini? Unakwenda vitani?"

Basi akaiacha. Lakini ile ngao ndiyo iliyompa wazo, siku mbili baada ya kurudi mikono mitupu kutoka Bujora. Kama bomba linaweza kufungwa mbele ya gari kwa ajili ya majivuno, basi linaweza kufungwa nyuma kwa ajili ya mama mkwe. Akaenda kwa jirani yake Shaibu.

Shaibu alikuwa fundi turubai, mtoto wa mjini ambaye babu zake walitoka Ujiji. Alishona maturubai ya malori na ya mitumbwi ya injini, na alivisha viti vya magari. Alimsikiliza Nkwabi mpaka mwisho, sindano ya kushonea magunia ikiwa mdomoni, kisha akaitoa.

"Yaani unataka nikujengee nyumba ya mkwe juu ya magurudumu."

"Ndiyo."

"Yenye mlango wake."

"Kwa nyuma."

"Na choo?"

"Shaibu, nakuheshimu."

"Msukuma wewe! Mama wa watu anapofuka, nyinyi mnagombana na kiti!"

Mkewe Mwanaharusi alikuwa kwenye cherehani mlangoni. Hakuinua kichwa. "Mwache. Mama yako wewe alipokuja kwangu alikaa masika mawili mazima, sikuwekewa hata pazia."

Shaibu akarudisha sindano mdomoni, na shauri likawa limekwisha.

*

Kazi waliifanya uani kwa Nkwabi, pale mawe makubwa ya Kirumba yanapoacha nafasi ya gari moja na mtu mwembamba wa kupita. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya dagaa waliokuwa wakianikwa chini. Walinunua mabomba ya maji yaliyotumika, wakayasugua kutu kwa msasa. Bomba ukilikunja likiwa tupu linabonyea kama mrija, hivyo Shaibu aliyashindilia mchanga mkavu wa ufukweni, akaziba ncha kwa vigingi vya mti, kisha akachochea mkaa mpaka sehemu ya kukunja ikawa nyekundu. Kwa kukunjia hawakuwa na mashine. Walikuwa na mawe. Pembeni ya ua kulikuwa na majabali mawili yenye ufa kati yao. Walichomeka bomba ndani ya ufa, wakaning'inia upande mmoja watu wazima wawili kama watoto kwenye tawi, na bomba likainama polepole, likitoa moshi. Matao manne walikunja hivyo, na matatu yakafanana.

"La nne linachechemea," Nkwabi alisema.

"Liweke mbele, karibu na kebini. Huko atakuwa analiona nani?"

Kisha kikaja kitu kilichomuuma Nkwabi: kutoboa. Gari lilikuwa halina tundu hata moja ambalo halikuja nalo kutoka Japani. Shaibu aliegemeza drili ya mkono kwenye ubavu wa bodi, akazungusha, na nyuzi za bati zikaanza kujiviringa kama maganda ya chungwa. Nkwabi akageuka akatazama ziwa.

"Njoo ushike spana, acha kulia."

"Silii."

"Basi njoo usilie huku."

Wakapiga bolti, wakaweka vipande vya tairi kuukuu kati ya bomba na bati ili visilane. Turubai lilikuwa la kijani, zito, limeshonwa mara mbili, na pembeni lilikuwa na madirisha mawili ya kukunja juu. Walifunga benchi la mninga ubavuni, ndani, likakazwa sakafuni kwa bolti nne, wakalivisha sponji na ngozi ya bandia. Nyuma wakaning'iniza ngazi ya chuma ya vidato viwili kwa minyororo. Mwanaharusi akashona mapazia mawili ya kitenge kimoja: dogo la kufunika kioo cha nyuma ya kebini, na kubwa la mlangoni. Alikata kipande kizuri alichokuwa amejiwekea kwa ajili ya sikukuu ya Idi. Hakusema hivyo, Sabina alikitambua.

Halafu Sabina akauliza swali ambalo wanaume wawili hawakuliwaza.

"Mama akitaka gari lisimame ataitaje? Jina lako hawezi kulitamka."

Wakatazamana. Jioni ile Nkwabi aliing'oa kengele kwenye baiskeli yake mwenyewe, wakaifunga ndani ya kebini juu ya kichwa cha dereva, na kamba yake ikapita tundu moja hadi mkononi mwa anayekaa kwenye benchi. Ikilia mara moja, simama. Ikilia mara mbili, twende.

"Na ikilia tatu?" Shaibu aliuliza.

"Tatu haipo."

"Tatu ni mkwe unaendesha vibaya."

Madigadi mekundu hayakuwa na sababu yoyote. Nkwabi aliyataka tu, akayafunga, na Shaibu akayaandika kwa rangi nyeupe, kila moja neno moja: TARATIBU. Sabina aliyaona akayaacha yabaki.

Vilibaki vioo. Turubai likishafungwa na pazia likishateremshwa, kile kioo cha ndani cha dereva hakioni kitu, hivyo Shaibu alileta vioo viwili vikubwa vya lori, vyenye mikono mirefu ya kutokeza nje ya milango. Walipomaliza kuvikaza, Sabina akapanda nyuma, akaketi kwenye benchi kwa majaribio, akakunja dirisha la turubai juu apate hewa. Nkwabi akaketi kwenye usukani, akatazama kioo cha kushoto, akashtuka. Mkewe alikuwa mle ndani mzima mzima, kuanzia kidevu hadi kilemba.

"Shaibu, namwona mtu."

"Ndiyo kazi ya kioo."

"Kesho atakuwa ni mama mkwe!"

"Basi usitazame."

"Nitaendeshaje nisitazame kioo?"

"Basi tazama."

Walizunguka hapo hapo mpaka Shaibu akachoka, akarusha spana kwenye sanduku. Nkwabi akaushika ule mkono wa kioo, akaukunja ukalala kwenye mlango. Akaenda upande wa pili akaukunja na ule pia, kwa kuwa dirisha la kulia nalo lilikuwa hivyo hivyo.

"Umeshakuwa kipofu wewe sasa," Shaibu alisema.

"Nimeendesha lori la pamba, marobota yamenifunika nyuma yote."

"Na utingo alikuwa anakupigia bodi. Utingo wako yuko wapi?"

"Sabina."

"Sabina atakuwa ndani ya turubai na mama yake, pazia limeshushwa."

 Nkwabi alichukua kitambaa akafuta vumbi kwenye migongo ya vioo.

*

Siku ya mwisho ya madaktari waliondoka Kirumba umande ukiwa bado juu ya mawe. Walipoingia Bujora, Nkwabi aliteremka, akaenda kuchutama mbele ya minyaa, mgongo kwa nyumba. "Mwangaluka, mama," akaisalimia minyaa. "Mwangaluka, baba," sauti ikajibu nyuma yake, na fimbo ikaanza kugonga udongo kuelekea kwenye gari.

Bi Kija hakuharakishwa. Alianza na madigadi, akayapapasa, akauliza ni nini, akaambiwa. "Yameandikwa nini?" "Taratibu, mama." Akaguna. Akapanda kwa vidole kwenye mabomba, akagonga turubai kama mtu anayenunua ngoma. Akapata tao moja linalochechemea, lile lile walilolificha mbele.

"Hili limepinda."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye akigeuka?"

"Kuna pazia."

"Na mimi nikitaka kujisaidia?"

Sabina akamwekea kamba mkononi. Mama akavuta. Ndani ya kebini kengele ikalia, kama ya mpanda baiskeli anayeomba njia. Akavuta tena. Pale kwenye minyaa Nkwabi aliusikia mlio, kisha akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia tangu aoe: mama mkwe wake anacheka.

Akapanda.

Ile safari, Nkwabi aliwahi kusema, angeirudia hata kwa miguu. Mama alikuwa haoni lakini alijua walipo kwa harufu na kwa mashimo. Hapa ni kisimani, ngri, simama. Akamsalimia mtu kupitia dirisha la turubai, akamweleza kwamba anakwenda mjini kwa gari la mkwe wake lenye nyumba. Ngri-ngri, twende. Pale penye harufu ya pumba za mashine, ngri. Kisesa sokoni alisimamisha mara mbili, na mara ya pili hakuwa na jambo. Alitaka tu wamwone hajapakiwa kama pamba. Nkwabi alitii kengele huku akitabasamu peke yake, vioo vimekunjwa, akiitazama barabara ya mbele tu.

Mpaka mlimani ilikuwa salama. Kwenye geti la hospitali mlinzi akampungia mkono: gari la wagonjwa linatoka, rudi nyuma, rudi upesi. Kilima kile ni kikali na njia ya kupandia getini ina nguzo za mawe pembeni. Nkwabi akaweka rivasi. Akanyoosha shingo dirishani, akaona turubai. Akageukia kioo cha ndani, akaona kitenge cha Mwanaharusi. Akarudi kwa kukisia, kama alivyokuwa akirudi na marobota, ila sasa hakukuwa na mkono wa kumpigia bodi.

Nguzo ikaipokea pikapu kwa kishindo. Ngazi ilikunjamana, bomba la nyuma likainama ndani, fimbo ya pazia ikachomoka, na pazia likamwangukia Bi Kija, ambaye alikuwa ameshatupwa sakafuni.

Hakuumia. Lakini alipata hofu ya mtu asiyeona, ambayo haina mwisho maana haijui ilipoanzia. Kengele ikaanza kulia mbili mbili, bila kupumua. Twende, twende, twende.

"Nirudisheni nyumbani!"

"Mama, tumeshafika, ni hapa."

"Nirudisheni. Macho yenyewe nayaacha. Nirudisheni!"

Muuguzi alitoka getini akasema kama ni mgonjwa wa macho ateremke sasa hivi, chumba kinafungwa, madaktari kesho hawapo. Sabina akamshika mama, mama akaushika mguu wa benchi. Watu wakaanza kujaa.

Nkwabi akashuka. Akaenda nyuma ya gari, akapiga magoti kwenye kokoto, mgongo kwa mama mkwe wake na uso kwa mtaro wa maji machafu, mbele ya mlinzi na wauza ndizi na watu wote. Akauambia mtaro.

"Mama, kosa ni langu. Gari lina vioo. Nilivikunja."

Kengele ikanyamaza. "Ulivikunja kwa nini?"

"Nilikuwa nakuona ndani yake."



"Kwa hiyo umenitoa Bujora mpaka hapa, mlima wote huu, nyuma huoni?"

"Sioni, mama."

"Na mimi mbele sioni?"

"Ndiyo, mama."

"Na Sabina alikuwa ameshusha pazia?"

"Ndiyo, mama."

Bi Kija akakaa pale sakafuni, kitenge kimemfunika bega. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na watu wakadhani analia. "Wawili vipofu na dereva ni mmoja wao," akasema, akijipangusa machozi ya kicheko. "Sabina, mwambie huyo mtu avifungue vioo vyake. Kioo ni chupa. Mimi sikukatazwa chupa. Mimi sioni, basi angalau yeye aone."

Akauachia mguu wa benchi. "Niteremsheni."

Ngazi sasa. Ngazi ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo kama chapati, na bodi ya pikapu ni ndefu kwa mwanamke wa umri ule. Sabina akamtazama mume wake.  Nkwabi akarudi kinyumenyume kwa magoti mpaka mgongo wake ukagusa bati, akainama, akaweka viganja chini kwenye kokoto. Sabina akalichukua pazia, akalikunja mara nne, akalitandika juu ya mgongo wa mumewe.

"Kanyaga hapa, mama. Taratibu."

Unyayo ukashuka ukatafuta. Ukapata kitenge. Ule uzito mdogo, mwepesi kuliko robota lolote alilowahi kubeba, Nkwabi akauhisi kati ya mabega, na jasho lilidondoka kutoka puani mwake hadi kwenye kokoto.

"Hiki ni nini?"

"Ngazi, mama."

"Ngazi inapumua?"

"Ni ya mbao mbichi."

Bi Kija akasimama juu ya ngazi ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakanyaga chini, akaitafuta fimbo yake, na kabla hajaongozwa getini akasema bila kugeuka, "Mwambie aliyeitengeneza, ni imara."

*

Walipokwenda kumrudisha Bujora baada ya upasuaji, Shaibu alikuwa ameshalinyoosha lile bomba, ingawa halikurudi kama mwanzo, na ngazi mpya ilikuwa imefungwa. Vioo vilikuwa wazi. Nkwabi aliyazoesha macho yake kupita haraka juu ya kioo cha kushoto, kama mtu anayepita mlango wa bafu.

Baada ya Igoma, penye kona ambapo ziwa linaonekana kwa mara ya mwisho, kengele ililia mara moja. Akasimamisha. Akangoja. Hakuna aliyeteremka, hakuna aliyesalimiwa. Akadhani kamba imenasa, akatazama kioo.

Mama mkwe alikuwa ameinamia dirisha la turubai, ameivua ile miwani nyeusi ya hospitali. Uso mwembamba, wenye chale mbili ndogo kwenye paji ambazo Nkwabi hakuwahi kujua kuwa zipo. Jicho la kulia lilikuwa safi, nalo lilikuwa kwenye kioo, likimtazama yeye. Nkwabi alitakiwa kuinamisha kichwa. Hakuinamisha.

Walitazamana ndani ya ile chupa kwa muda ambao lori zima la pamba lingeweza kuwapita. Kisha akamsikia kupitia turubai.

"Sabina, huyu mzee anayeendesha ni nani?"

"Mama! Ni baba Gladness."

"Hapana. Mimi nilimpa mtoto wangu kijana mwembamba mwenye nywele. Nilimwona kwa pembeni siku ya mahari. Huyu ana mvi."

"Ndiye huyo huyo."

Ukapita upepo, vumbi likapanda na kushuka. Bi Kija akairudisha miwani usoni, polepole.

"Basi tumekaa sana," akasema.

Kengele ikalia mara mbili.

*

Bi Kija aliona kwa jicho moja mpaka alipofariki, mwaka wa zile mvua za El Nino. Hakupanda kebini hata siku moja, wala hakuongea tena na mkwe wake zaidi ya salamu baada ya ile siku ya getini. Walirudi kwenye nyasi na minyaa kama kawaida. Shaibu alihamia Kigoma kwa ndugu zake, kifua kikamsumbua, akazikwa huko. Mwanaharusi alirudi Kirumba, anashona sare za shule. Pikapu iliuzwa kwa Antoni, mchuuzi wa samaki wa Mwaloni, aliyeng'oa benchi ili kreti zikae. Ilionekana mara ya mwisho huko Geita, haina milango, turubai limebaki nusu. Gladness, binti yao, ni mwalimu Sengerema. Mumewe si Msukuma. Akija anamkumbatia Sabina mbele ya watu, na Sabina ameshazoea. Sabina na Nkwabi walijenga Bujora, karibu na ile minyaa. Nkwabi naye alipata mtoto wa jicho, akapasuliwa, anaona. Kengele aliirudisha kwenye baiskeli. Digadi moja limepigiliwa kwenye mlango wa banda la kuku, maandishi yamefutika.